Waume wa Biarusi

Nukta ilisimama Jumanne, saa ya chai. Eskil Keisu alikuwa mezani kwake, mkono mmoja kipande cha mkate mwembamba wa shayiri, mkono wa pili simu, akiitazama ile nukta nyekundu iliyokuwa ikizurura juu ya ramani tangu theluji ilipoanza kulainika. Sasa ilikuwa imetulia kando ya banda kuukuu la majani makavu, ng'ambo ya shamba la akina Vanhapiha. Haiendi mbele, hairudi nyuma. Akamaliza kutafuna, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuacha chakula, kisha akampigia Hilding.

"Biarusi kaolewa."

"Tena?" Hilding akacheka mpaka akapaliwa. "Huyu mwanamke hakai eda?"

Biarusi hakuwa mwanamke. Alikuwa supi, mnyama wa ukoo wa mbwa, mfupi wa miguu, mnene wa manyoya, mwenye utepe mweusi machoni kama mwizi wa kwenye katuni. Supi si wa huku. Wakubwa fulani wa mashariki, miaka ya nyuma sana, waliwatoa Asia ya mbali wakawaachia misituni ili wazaane, wavunwe ngozi. Ngozi zikapitwa na wakati, wakubwa wakafa, supi hawakupewa taarifa. Wakaendelea kutembea. Wakaijaza Finland, wakavuka Mto Torne juu ya barafu bila pasipoti wala haya, wakaingia upande wa Sweden wakakuta ndege wanataga chini, kwenye matete, mayai yametandazwa kama karamu ya bure. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ndivyo tusemavyo. Supi siku ya tatu keshazaa nyumba nzima, na jembe hajaligusa.

Kazi ya Eskil ilikuwa kuwatafuta wageni hao. Mradi mmoja wa kulinda ndege ulimwajiri yeye na Hilding Rautio, jirani yake tangu utoto, wapite bonde lote wakiangalia ni viumbe gani wasio wa huku wamekwisha kujenga: minki, mnyama mdogo wa manyoya, kwenye mifereji, maua ya lupini kando ya barabara na, kuliko wote, supi. Walisoma nyayo. Waliokota kinyesi wakakitia mifukoni kwa heshima ambayo kinyesi hakijapata kuonyeshwa popote. Walifunga kamera mitini, zikawaletea picha za paa, za mbweha, na za mchungaji wa kanisa akijisaidia. Lakini supi ni bingwa wa kutoonekana; unaweza kuishi naye chini ya ghala lako miaka ukidhani ni paka wa jirani. Ndiyo maana wakawa na Yuda.

Yuda ni supi aliyekamatwa hai, akafungwa kizazi na daktari wa mifugo, akavishwa mkanda wa redio shingoni, akaachiwa. Hafundishwi chochote. Supi hawezi upweke. Atatembea, atavuka mito na barabara, mpaka ampate mwenzake, na akimpata hamwachi. Hapo nukta husimama. Hapo huja watu wawili na mbwa na bunduki, wakamuua mume, wakamtia kwenye mfuko akapimwe, na mke wakamwacha mzima, aende akawatafutie mwingine. Maofisini njia hii ina jina refu la kitaalamu. Hilding, ambaye alibatizwa mwili mzima isipokuwa ulimi, aliiita ukuwadi wenye posho.

Biarusi alikuwa Yuda wao bora. Kila majira ya kuchipua aliwapa mume, mara nyingine wawili. Eskil hakuona fahari wala hakukosa usingizi. Alikuwa mtu wa kazi. Na baada ya kila risasi aliifuata nukta: siku mbili itaganda palepale mume alipoondoka, kisha itaanza kwenda, mizunguko mipana, huku na huko, halafu majuma baadaye itasimama pengine. Aliisoma kama mtu anavyosoma saa ya ukutani.

"Msiba wa supi," aliwahi kuwaambia wenzake kwenye sauna, "ni siku mbili."

"Binadamu je?" mmoja akauliza.

"Inategemea kaacha nini," Hilding akajibu, wakacheka wote, maana huko juu mtu akicheka sauna ni kama ameandika wasia; hakuna anayethubutu kumuuliza zaidi.

*

Jumatano alikwenda kumwona Elma.

Elma, mkewe, alikuwa mpishi wa shule. Nusu ya watu wazima wa bonde lile walikuzwa na mabumunda yake ya viazi yenye nyama ya nguruwe tumboni, na mpaka leo wakikutana naye hushika matumbo yao kama salamu. Hawakujaliwa watoto. Walijaliwa kuzungumza, jambo ambalo kwa watu wa mto ule ni nadra kuliko watoto. Kisha ukaja ugonjwa wa kusahau, nao humla mtu kuanzia juu: ukala jana, ukala mwaka jana, ukala njia ya kwenda dukani, ukala jiko. Alipowasha moto chini ya sufuria tupu mara ya pili, Eskil akampeleka nyumba ya wazee. Hakulia mbele ya mtu.

Siku hiyo alimkuta Elma kwenye kochi la sebuleni, nywele zimechanwa, anaimba kwa sauti ndogo. Pembeni yake ameketi Helmer, mzee aliyewahi kusukuma magogo mtoni, masikio makubwa kama sahani za kahawa. Wameshikana mikono. Hawakushikana kama wagonjwa wanavyoshika chochote kilicho karibu. Vidole vilikuwa vimepitana.

"Huyu nani?" Helmer akauliza.

"Fundi wa joto," Elma akasema. "Kaja kutengeneza rejeta. Eskil, vuta miguu fundi apite."

Na Helmer, ambaye ndiye aliyekuwa ameitwa Eskil, akavuta miguu.

Eskil akapita. Afanye nini? Alipita mpaka dirishani, akaigusa rejeta ya ukutani, ile ya kupasha chumba joto, akaiona ina joto lake, akatoka kwenda ukumbini. Huko akakutana na Senait.

Senait alikuwa mlezi, mzaliwa wa Asmara. Katika bonde lile mtu huitwa jina lake tupu, awe mchunga kulungu wa kaskazini au waziri, lakini Senait alisema mtu wa rika la baba yake hatamwita jina tupu hata wamkate mshahara.

"Mzee Eskil. Bado unahesabu wageni?"

"Bado."

"Na mimi umeshaniandika?"

"Wewe huli mayai ya ndege."

"Nani kakudanganya? Kila Jumapili nakula mawili." Kisha akaacha kutabasamu. "Nilitaka kukupigia. Nikashindwa namna ya kuanza."

"Tangu lini?"

"Tangu yule mzee ahamie hapa. Mzee Eskil, sikufichi, anakula. Yule mama aliyekuwa anatutemea uji, sasa anamaliza sahani. Analala bila kidonge. Hakuna ubaya wowote unaotendeka, wanakaa tu hivyo, mikono. Na anamwita jina lako. Kwake yeye ni wewe."

"Mimi nilikuwa nimesimama mbele yake."

Senait akamwongoza mpaka ofisini.

Maj-Lis, mkuu wa nyumba ile, alimkaribisha ofisini akammiminia kahawa yenye vipande vya jibini ndani, kama ilivyo desturi pale mtu akitaka kukuambia jambo zito. Alieleza kwa upole. Binti yake Helmer hakuwa na neno; amesema mume aamue. Ikiwa Eskil anaona sawa, wataachwa. Ikiwa haoni sawa, Helmer atahamishiwa upande wa pili wa jengo, penye mlango wa kufungua kwa namba.

Eskil alikiokota kipande cha jibini kwa kijiko, akakitazama. Alitaka kitu kimoja tu duniani, nacho kilikuwa kidogo cha kuchekesha: kabla ugonjwa haujamaliza kula, Elma amtazame yeye, yeye mwenyewe, aseme Eskil. Mara moja. Jina lilikuwa bado limo kinywani mwa mkewe. Lilikuwa limekwenda nyumba ya jirani tu. Na yeye alijua, kwa ushahidi wa miaka, lini lingeanza kutafuta pa kwenda.

"Mhamisheni," akasema.

"Elma atasumbuka," Maj-Lis akasema.

"Siku mbili. Ya tatu ataanza kutafuta aliye karibu. Nitakuwepo."

Senait alikuwa mlangoni na trei. "Nani alikwambia siku mbili?"

"Ndiyo kazi yangu," Eskil akajibu.

*

Siku ya tatu alinyoa ndevu, ingawa ilikuwa siku ya kazi. Akavaa shati la buluu ambalo Elma alilishona mwenyewe zamani na kulisifia kupita kiasi. Akatia mfukoni andazi la iliki, lile analolipenda. Hilding alimwona akiingia garini akapiga mluzi.

"Bwana harusi! Unakwenda kuchumbia?"

"Ndiyo," Eskil akasema, kwa ile ndiyo ya watu wa mto, isiyotamkwa bali huvutwa ndani kwa pumzi, kama mtu aliyekanyaga maji ya baridi.

Elma hakuwa kwenye kochi. Alikuwa amesimama kwenye ule mlango wa namba, amevaa soksi moja, anabonyeza. Anabonyeza, anangoja, anabonyeza tena. Vidole vya mpishi, vyepesi, kama vinavyobana kingo za bumunda.

"Fundi," akasema bila kugeuka. "Nifungulie. Wamemchukua Eskil."

"Elma. Mimi ndiye Eskil."

Akageuka. Alimtazama uso, akalitazama shati, na Eskil akaona macho yale yakisimama kwenye kifungo cha juu, kile alichokikosea rangi wakakicheka pamoja miaka na miaka. Moyo ukampanda.

"Aibu kwako," Elma akasema. "Mtu mzima, na mvi zote hizo, kujipachika jina la mume wa watu."

Akarudi kubonyeza.

Senait alimpokonya Eskil lile andazi mkononi kwa sababu alikuwa akilifinya. "Hajala tangu mlipomwondoa. Tunamlowesha midomo kwa kijiko. Na yule wa pili huko anafungua makabati yote, anainama chini ya vitanda. Mzee Eskil, nakuomba kama baba yangu. Warudishe pamoja."

"Ngoja kidogo."

"Ningoje nini?"

"Mzunguko haujaanza," akasema, na Senait akamwangalia kama anavyoangalia wagonjwa wake.

*

Kwa Biarusi walikuwa wamechelewa, kwa sababu hewa ilikuwa ya uvuguvugu na theluji ilikuwa uji. Mtu akikanyaga anazama mpaka kiunoni. Jumamosi baridi ikarudi, theluji ikagandamana juu ikawa ngumu kama sakafu, nao wakaenda asubuhi juu yake bila kuacha alama, na mbwa wao, Tessu, mbele.

Tessu alisimama kwenye pembe ya banda akanyoosha pua. Eskil akalala kifudifudi akamulika chini ya sakafu ya mbao. Kule ndani palikuwa na furushi moja la manyoya. Ilichukua muda kuona kuwa ni wawili: mmoja ameweka kidevu juu ya shingo ya mwenzake, juu ya ule mkanda wa redio kabisa, kama mto wa kulalia.

"Bwana harusi yupi?" Hilding akanong'ona.

"Wa juu."

Mlio haukuwa mkubwa. Biarusi alitoka mbio, akakimbia mpaka kwenye mti wa kwanza wa mbetula, akasimama. Ndivyo alivyofanya siku zote. Hilding alimvuta dume kwa miguu ya nyuma, akamtia mfukoni, akavua kofia kuelekea mbetula.

"Pole sana, shemeji. Mungu akupe mwingine, na sisi utujulishe." Kisha kwa Eskil: "Twende, kahawa inapoa."

Wakaenda. Kwa siku mbili nukta haikuondoka bandani. Kwa siku hizo mbili Elma alikuwa akipewa maji kwa kijiko na Eskil hakulala, alikaa na simu. Asubuhi iliyofuata nukta ikaanza kwenda. Akainuka. Hakuwahi hata mara moja kuifuata kwa miguu. Ya nini, na ramani ipo? Safari hii alivaa skii akaenda. Alitaka kuuona kwa macho huo wakati wa kusahau, auone unaanzaje, ili ajue amngojee wapi.

Usiku ulikuwa umenyunyiza theluji mpya, nyembamba kama unga juu ya ubao, na nyayo zilikuwa wazi kama maandishi ya mtoto wa shule. Zilitoka bandani zikaenda moja kwa moja, bila kunusanusa, mpaka chini ya mti mmoja wa msprusi uliolaza matawi. Eskil akayainua. Chini palikuwa na tundu la zamani kwenye barafu, tundu la miili miwili iliyoyeyusha theluji kwa joto lao ikaganda tena. Nyayo mpya ziliingia, zikazunguka. Kisha alikuwa amelala. Alilala upande mmoja tu. Unga mpya ulikuwa umechubuka nusu ya tundu. Nusu ya pili ulikuwa mzima, mweupe, haujaguswa.

Nyayo zikatoka zikaenda kwenye kalvati ya barabara. Huko pia, tundu la wawili, na nusu imelaliwa. Kutoka kalvati mpaka ghala la mashua lililoanguka. Nusu. Kutoka ghala, mzunguko mpana, ule ule aliouona kwenye simu kila mwaka, kurudi bandani. Kisha kutoka bandani kwenda kwenye msprusi tena.

Eskil akakaa chini juu ya skii zake. Mto ulikuwa unapasuka barafu mahali fulani, kwa mlio kama mtu anayevunja mbao za nyumba yake mwenyewe. Akampigia Hilding.

"Hatafuti mume," akasema.

"Nani?"

"Biarusi. Ile mizunguko. Anapita kila mahali walipolala kabla ya banda. Anamtafuta yule yule."

"Sasa," Hilding akasema, "na wale wengine wote aliowapata baadaye?"

"Walimkuta njiani," Eskil akasema. "Akimtafuta aliyetangulia."

*

Aliendesha gari moja kwa moja, suruali imelowa mpaka magotini. Njiani alijaribu maneno. Nilikosea, mrudisheni, wakae wanavyotaka, aitwe vyovyote. Aliyasema kwa sauti mpaka yakatoka bila kukwama.

Senait alimpokea ukumbini, na kabla Eskil hajafungua kinywa akamshika mkono juu ya kiwiko, kama mtu anavyomshika mfiwa.

"Nimekuja mumrudishe," Eskil akasema.

"Alianguka juzi. Alikuwa anapanda kabati, mzee Eskil. Alidhani ni dirisha. Nyonga ikavunjika, wakampeleka hospitali ya pwani. Jana jioni binti yake kapiga simu."

"Atarudi lini?"

Senait alimwacha alifikie jibu mwenyewe, na ikachukua muda, kwa kuwa mwili wa mtu unaweza kujua jambo na bado ukasimama hapo na maneno uliyoyakariri garini.

"Elma anajua?"

"Ajue nini? Kwake yeye aliyekufa ni wewe. Nitamwambiaje?"

Elma alikuwa pale pale mlangoni. Walikuwa wamemwekea kiti, naye alikuwa amekaa, kidole bado juu ya namba, amechoka kubonyeza. Alikuwa amepungua hata mabega. Alimwona Eskil akakunja uso.

"Wewe tena."

Eskil alisimama. Kisha akageuka akatoka nje kwenda garini, na Senait, aliyedhani anakimbia, alianza kumtukana kimoyomoyo kwa lugha ya kwao. Lakini alirudi, na mkononi alikuwa na kisanduku cha vifaa, kile cha kutengenezea mitego.

"Nimekuja kwa ajili ya rejeta," akasema.

Elma akamkagua juu mpaka chini. "Umechelewa. Sisi na Eskil tumekaa na baridi msimu mzima."

"Samahani sana, Elma."

"Samahani haipashi chumba. Njoo nikuonyeshe." Akainuka, akamshika Senait mkono, akauacha mlango kwa mara ya kwanza. Akaenda mpaka sebuleni akaketi kwenye kochi. Aliketi upande mmoja, pembeni kabisa, na ule upande wa pili akaupangusa kwa kiganja na kuuacha wazi.

Eskil aliuona. Hakukaa hapo. Alipiga magoti sakafuni, suruali ikitoa maji, akafungua kifuniko cha rejeta iliyokuwa nzima, akaanza kugongagonga. Senait akaleta uji. Elma, macho kwa fundi asije akaiba, akapokea kijiko kimoja. Baadaye cha pili.

Tangu hapo Eskil alikwenda kila juma. Zipo siku alizokuta rejeta imekuwa baridi kweli, valvu imefungwa, na Senait yuko mbali ukumbini akikunja mashuka ambayo yalikuwa yamekwisha kukunjwa. Elma alikula nusu sahani, hakuzidisha. Kuimba hakuimba tena.

Mwishoni mwa Mei, akiwa amepiga magoti vile vile, simu ilitetemeka mfukoni. Ilikuwa Hilding. Aliipokea kwa sauti ya chini.

"Imesimama," Hilding akasema. Safari hii hakuongeza mzaha. "Kwenye matete, karibu na viota. Ukitaka niende peke yangu, sema."

Eskil alitazama mikono yake. Huko kwenye matete ndege walikuwa wameanza kutaga, na kazi ilikuwa kazi ile ile.

"Nakuja," akasema.

Alikuwa anafunga kisanduku Elma alipomwita.

"Fundi. Huko nje unakozunguka, ukimkuta Eskil, mwambie nimemwekea nafasi."

Eskil akavuta pumzi ndani, ile ndiyo yao ya mtoni, akachukua kofia yake, akatoka.